Katavi Wakati wa Kiangazi

Leo tunaelekea magharibi mwa Tanzania, Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 4,000, lakini magari ya wageni ni ya kuhesabu.

Panga kwenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikishakatika, mbuga za Katavi na Chada hukauka, na Mto Katuma hubaki madimbwi ya tope. Hapo viboko hurundikana kwa mamia, madume yakiumana kugombea nafasi, huku mamba wakijihifadhi kwenye mapango ya kingo za mto. Nyati huja kwa makundi makubwa, na simba hawako mbali nao. Wanyama wanavyoling'ang'ania tone la mwisho la maji, hilo peke yake linatosha kukufikisha huko.

Treni kutoka Tabora hufika Mpanda, na Sitalike, lango la hifadhi, iko chini ya kilomita 40 kusini mwake. Ugumu ni gari la kuzungukia ndani. Likodi mapema, mgawane gharama na wenzako, mjaze mafuta Mpanda.

Mbung'o ni wengi mno! Vaa mikono mirefu, uepuke nguo za buluu na nyeusi, kwani huwavutia. Muone daktari kuhusu kinga ya malaria.

Nawe raia wa Afrika Mashariki, beba kitambulisho chako: kiingilio chako ni nafuu kuliko cha mgeni wa ng'ambo.