Volkano Iliyolala Bado Haijafa

Volkano ni za aina tatu, hai, iliyolala na iliyokufa. Mwanafunzi yeyote wa Kaunti ya Nakuru huandika jibu hilo katika mtihani bila kusita. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo mlima anaouona kila asubuhi akienda shuleni ni wa aina gani, na amejuaje, utaona anakuna kichwa. Kuna wanaosema Menengai ulikufa zamani kwa sababu hata babu wa babu yao hakuuona ukilipuka. Kuna wengine waliotazama video kwenye simu usiku, na asubuhi wanatangazia darasa kwamba utalipuka wiki ijayo. Wa kwanza ataingia popote bila tahadhari. Wa pili atasambaza hofu mtaa mzima.

Njia nyepesi ya kulifundisha jambo hili inaanzia jikoni. Jiko la kwanza linawaka na sufuria iko juu yake. Jiko la pili limefunikwa na majivu. Ukilitazama kwa mbali ni baridi, lakini ukiweka kiganja juu yake unahisi joto, na ukilipuliza kaa jekundu linachungulia. Kisha kuna mafiga yaliyoachwa katika boma lililohamwa, mvua imeyanyeshea miaka mingi na nyasi zimeota katikati. Hakuna mama anayemruhusu mtoto kucheza juu ya jiko la pili eti kwa kuwa halitoi moshi. Kijana akishaona tofauti ya jiko la pili na yale mafiga, nusu ya somo imekwisha.

Mfano wa jiko linalowaka hauko mbali. Ol Doinyo Lengai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, ng'ambo tu ya mpaka. Julai 2007 ardhi ya eneo hilo ilitetemeka mara nyingi, na mitetemo ikasikika hadi Nairobi, watu wakatoka mbio maofisini. Septemba mwaka huo huo mlima ukaanza kulipuka na kurusha majivu juu sana. Upande wa Kongo, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma Januari 2002, na Mei 2021 ikateremka tena kuelekea mji huo. Hapo hakuna haja ya kumweleza kijana kwa maneno mengi maana ya volkano hai.

Mafiga yaliyoachwa ni Mlima Kenya. Mara ya mwisho ulilipuka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Vilele vya Batian na Nelion ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano ya zamani. Sehemu kubwa ya mlima uliouzunguka mwamba huo imeshaliwa na barafu, mvua na upepo. Hakuna joto linalousukuma kutoka chini.

Sasa Longonot na Menengai. Hapa ndipo walimu wengi hupita haraka, na ndipo panapowahusu zaidi wakazi wa kaunti hii. Longonot una mita 2,776 na inakadiriwa kwamba ulilipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Hiyo ni juzi tu: mtoto aliyezaliwa mwaka ule angeweza kuishi akaiona reli ikipita Naivasha. Menengai, ulio mlangoni mwa jiji la Nakuru, umekaa kimya kwa maelfu ya miaka. Lile bonde kubwa ambalo watu huliita kreta lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na lilitokea pale sehemu ya juu ya mlima ilipodidimia baada ya milipuko mikubwa kutoa kilichokuwa chini yake. Ukisimama ukingoni ukatazama chini, mawe meusi yaliyotapakaa huko ni lava iliyomwagika baadaye, baada ya bonde kuwapo. Na bado mvuke unatoka.

Watafiti walilinganisha picha za rada zilizopigwa na satelaiti, ambazo huweza kupima ardhi ikiinuka au kushuka kwa sentimita chache. Waligundua kwamba kati ya 1997 na 2000 ardhi ya Menengai na ile ya Suswa ilishuka kwa sentimita 2 hadi 5. Longonot uliinuka kwa sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006. Huko Paka, Baringo, ardhi iliinuka kwa takriban sentimita 21 katika muda wa miezi michache tu kati ya 2006 na 2007. Hakuna mlipuko uliofuata katika milima hiyo. Hata hivyo, mlima uliokufa haupumui namna hiyo.

Kwa hiyo tineja akiulizwa, asikimbilie hesabu ya miaka peke yake. Vitabu vingi huchukua miaka elfu kumi kuwa mpaka: volkano iliyolipuka ndani ya muda huo bado ina uhai. Mpaka huo umewekwa na watu kwa urahisi wa kupanga, nao mlima haujui kuhesabu. Nabro, volkano iliyo Eritrea, haikuwa na mlipuko wowote ulioandikwa katika historia hadi Juni 2011, ilipolipuka na kufukuza watu vijijini. Zaidi ya kuuliza mlima ulilipuka lini, kijana aulize kama kuna joto, mvuke au gesi inayotoka, na kama ardhi inatetemeka au inainuka. Ni maswali yale yale ya mpishi anayekagua jiko asubuhi.

Kuna hatari moja ambayo haingoji mlipuko. Milima yenye joto hutoa gesi. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutulia mashimoni, mapangoni na kwenye mabonde madogo. Wakazi wa Goma huziita sehemu hizo mazuku, na huko imewahi kuua watu na mifugo bila kishindo chochote. Kuna pia gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ina ujanja wake: ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu akadhani imekwisha. Vijana wanaoshuka Menengai kupiga picha, na wale wanaoingia mapangoni kusali, wafundishwe hivi: usiingie shimoni peke yako, usilale mahali pa chini, na ukiona mwenzako ameanguka ndani usimrukie. Ita msaada. Mvuke nao huunguza, na ardhi inayouzunguka yaweza kuwa nyembamba kama ukoko wa ugali.

Jiko hilo hilo lililofunikwa na majivu ndilo linalowasha taa. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na joto la chini ya ardhi. Menengai visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011. Eburru, ambako mito ni ya shida, wakazi kwa miaka mingi wameutega mvuke kwa mabomba, wakaupoza ukawa maji ya nyumbani. Mzazi anayetaka mwanawe aelewe neno "iliyolala" angempeleka Eburru akaone mtungi ukijaa tone kwa tone. Somo hilo halisahauliki upesi.

Kila mkutano wa namna hii kuna kijana anayeuliza: basi Menengai utalipuka lini? Jibu la kweli ni kwamba hakuna mtu anayeweza kutaja tarehe, na anayeitaja anatafuta wafuasi mtandaoni. Kinachojulikana ni kwamba mara nyingi volkano hutoa dalili kabla ya kulipuka: mitetemo midogo mingi, ardhi kuvimba, mvuke kubadilika wingi au joto, mimea kukauka bila kiangazi. Mkazi anayeona mabadiliko kama hayo amjulishe chifu au ofisi ya wadi, aeleze ni wapi na tangu lini, kabla ya kuyarusha kwenye makundi ya WhatsApp.

Shule zitakazopanda Longonot likizo ijayo zina nafasi nzuri. Njia inayozunguka ukingo wa kreta ni kilomita 7 na kidogo. Wanafunzi wapewe daftari, wasimame mara kwa mara na kuandika kila mahali wanapoona mvuke ukitoka ukutani na kila mahali miti imeota, kisha wakishuka walinganishe daftari zao na kuamua wenyewe mlima uko katika kundi gani.