Mganga Hajigangi

Somo: Luka 4:16-23

Somo letu la leo latupeleka Nazareti, mahali alipolelewa Bwana wetu. Amekwisha kusoma katika chuo cha nabii Isaya, na watu wote sinagogini wanamtazama. Naye anawaambia kwamba anaijua mithali watakayomtupia, ile ya kumtaka tabibu aanze na maradhi yake mwenyewe.

Sisi nasi tunayo mithali iliyo jirani na hiyo. Twasema, mganga hajigangi. Mara nyingi twaitumia kumcheka mtu. Tunamsema seremala ambaye mlango wake umelegea bawaba, na mwalimu ambaye mtoto wake ameshindwa mtihani, na mchungaji ambaye kijana wake haonekani kanisani. Leo nataka tuitazame mithali hiyo katika maisha ya mtu mmoja ambaye kwake haikuwa jambo la kucheka hata kidogo.

Jina lake ni Abraham Jacobi. Alizaliwa mwaka 1830 katika kijiji cha Hartum, nchini Ujerumani, na wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini. Alisomea udaktari, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 1851. Lakini alikuwa amejiunga na vijana waliodai haki za raia mbele ya wafalme wa siku zile, akakamatwa, akatiwa gerezani. Alipotoka mwaka 1853 alikimbilia Uingereza, kisha akavuka bahari mpaka New York, Marekani. Alikuwa kijana wa miaka 23, mgeni katika nchi ya watu.

Akafungua chumba cha kutibia miongoni mwa wahamiaji wenzake. Mgonjwa aliyemjia alilipa senti 25, na aliyemwita nyumbani alilipa senti 50. Katika kuingia nyumba hizo za maskini aliona jambo lililomsumbua moyo: watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa kuhara wakati wa joto, na madaktari wengi hawakuwa wamefundishwa lolote juu ya watoto. Mtoto alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyepunguzwa kimo, naye akapewa dawa ya mtu mzima iliyopunguzwa kiasi. Jacobi alikataa mawazo hayo. Mwaka 1860 alifanywa profesa wa magonjwa ya watoto katika chuo cha udaktari cha New York, wa kwanza katika Marekani yote.

Basi alifundisha nini? Aliwahimiza akina mama wanyonyeshe watoto wao. Na pale ambapo mama hana maziwa, alisisitiza kwamba maziwa ya ng'ombe yachemshwe kabla ya kumpa mtoto. Kwetu sisi jambo hili ni la kila siku jikoni, lakini mjini mle, maziwa yalipotoka mbali na kukaa juani, neno hilo lilikuwa uhai. Mwaka 1873 alimwoa Mary Putnam, naye daktari, mwanamke hodari aliyehitimu udaktari mjini Paris mwaka 1871. Mume alikuwa ameandika juu ya chakula cha watoto wachanga kwa lugha ya madaktari. Mke akayachukua maandishi hayo, akayaongeza na kuyaandika upya hata mama wa kawaida aweze kuyasoma, na kitabu kikatolewa mwaka 1874. Mkono mmoja haulei mwana, ndugu zangu, na nyumba ile ilikuwa na mikono miwili iliyolea wana wa mji mzima.

Hakuogopa kusema kweli. Katika makao mojawapo ya watoto wachanga mjini humo aliona kwamba wengi mno walikuwa wanakufa, akalisema jambo hilo waziwazi. Wakuu wa makao walichukizwa, na ikambidi aondoke. Hata hivyo aliendelea kusema kwamba mtoto mchanga asiye na wazazi apelekwe katika nyumba ya watu wa kumlea, apate mtu wa kumpakata, kuliko kurundikwa pamoja na wenzake katika jumba moja kubwa.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Ugonjwa mmoja uliowatisha wazazi wa siku zile ni dondakoo. Humshika mtoto kooni, ukafanya utando unaoziba njia ya pumzi, mpaka mtoto akasongwa mbele ya macho ya mama yake. Jacobi aliufahamu ugonjwa huo kama watu wachache duniani, hata mwaka 1880 akatoa kitabu kizima juu yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1883, dondakoo iliingia nyumbani kwake. Ikamchukua mwanawe Ernst, mwenye umri wa miaka saba. Baba mtu alikuwa bingwa wa ugonjwa ule ule, mama mtu alikuwa daktari, na mtoto akafa.

Mtu huyu alikuwa amekwisha kuzika wake wawili na watoto wachanga kadhaa kabla ya siku hiyo. Huzuni ile iliwaelemea sana yeye na mkewe. Sitathubutu kuwaambia kwamba ilikwisha. Lakini kesho yake walikuwako watoto wengine waliokuwa wakiugua, wana wa washona nguo na wachukuzi wa mizigo, nao walimhitaji daktari. Jacobi akarudi kwao. Mwaka 1888 madaktari wa watoto wa Marekani walipoanzisha chama chao, walimchagua awe rais wao wa kwanza.

Kisha mwaka 1890, huko Ujerumani, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha njia ya kuvunja sumu ya dondakoo, na kufikia mwaka 1895 dawa iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa ikitumika New York. Hesabuni wenyewe. Ernst alikuwa amezikwa miaka kumi na zaidi. Dawa ilifika, na iliwaponya watoto wa watu wengine. Leo mama wa Kenya ampelekapo mtoto zahanati, katika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, chanjo anayopewa yamkinga pia na dondakoo. Akina mama, msiache kwenda.

Mpendwa, huenda unanisikiliza nawe una jeraha la namna hii. Wewe ni mwalimu wa Jumapili, umewafundisha watoto wa mtaa mzima, na wako amepotea mjini. Wewe ni muuguzi, uliwazalisha wengi, na wako hakuishi. Watu wanakupitia pembeni wakinong'ona kwamba mganga hajigangi, na wewe mwenyewe unajiuliza, nina haki gani ya kuendelea? Kumbuka basi kwamba Bwana wetu alichekwa kwa maneno ya namna hiyo hiyo hata alipokuwa msalabani. Mathayo, mlango wa 27, yatueleza jinsi walivyomsimanga kwamba aliwaokoa wengine na nafsi yake hawezi kuiokoa. Walidhani wamemshinda, kumbe hakushuka kwa sababu alikuwa anatuokoa sisi. Kwa hiyo usione haya kumhudumia mtoto wa jirani huku moyo wako unalia. Huduma hiyo si unafiki.

Jacobi aliishi mpaka uzee. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 82, aliongoza chama cha madaktari wote wa Marekani, mgeni yule aliyefika bila kitu. Akafa mwaka 1919. Hospitali kubwa ya umma katika mtaa wa Bronx, New York, yaitwa kwa jina lake, na watoto wa wahamiaji wangali wanatibiwa humo.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, uwakumbuke wazazi waliozika watoto wao. Uwatie nguvu madaktari na wauguzi wanaorudi kazini wakiwa na msiba. Utupe sisi kumpokea mtoto asiye wetu kama tunavyompokea wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.