Ganda la Jino ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu wa Arua na Koboko, wazee kwa vijana. Hakuna Mwislamu asiyejua kwamba mswaki ni Sunna. Imepokewa ya kuwa Mtume angeuamrisha umma wake kupiga mswaki kwa kila sala, lau si kuchelea kuutia mashakani. Lisilojulikana na wengi ni hili: mtu aweza kushika mswaki kila siku, na meno yake yakaharibika vilevile, kwa sababu ya mambo ayatendayo baina ya sala na sala.

Juu ya kila jino Mwenyezi Mungu ameweka ganda jeupe liitwalo enameli. Hakuna kitu kigumu kulishinda katika mwili mzima, hata mfupa haulifikii. Lakini mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatwa hufunga. Bali enameli ikishaondoka haioti tena. Mtoto aanzapo kuota meno ya utu uzima, katika umri wa miaka 6 hivi, amekabidhiwa ganda la maisha yake yote.

Adui wa ganda hilo ni asidi, nayo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni sukari: vijidudu vya kinywani huila na kutoa asidi. Chai ya sukari nyingi inywewayo kidogo kidogo tangu asubuhi hata adhuhuri hudhuru kuliko ile inywewayo mara moja pamoja na chakula, maana mate, ambayo ndiyo dawa aliyoiumba Mungu kinywani, hayapati nafasi ya kulitengeneza ganda. Ya pili ni vitu vikali vyenyewe, kama soda, ndimu, na uji uliotiwa ukwaju. Hivyo si haramu, wala ukwaju hauna kosa. Kosa ni kukiacha kinywa hivyo hivyo, au kukimbilia mswaki papo hapo. Kwani ganda lililoguswa na asidi hulainika kwa muda, na likisuguliwa wakati huo huliwa. Ipasavyo ni kusukutua kwa maji, kisha kungoja nusu saa au zaidi.

Hapo Mwislamu amepewa neema kubwa. Kila atawadhapo husukutua mara tatu. Lakini wangapi hutia maji mdomoni na kuyatema kabla hayajafika kwenye magego? Asukutuaye kwa ukamilifu ametimiza Sunna, na ameosha mabaki ya sukari na asidi kwa tendo moja.

Mswaki wa mti nao utafunwe ncha mpaka ulainike, na upigwe taratibu. Wasuguao kwa mkaa, jivu au mchanga huyapata meno meupe leo na kulipunguza ganda kesho. Na afunguaye chupa ya soda kwa meno, siku ya harusi au ya Idi, aweza kuvunja kwa mara moja kitu asichoweza kukirudisha. Usiku, kabla ya kulala, yafaa kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, ambayo hulitia ganda nguvu. Povu litemwe, na baada ya hapo pasiliwe kitu.

Katika Ramadhani wako waachao kusafisha kinywa mwezi mzima kwa kuhofia saumu. Wanazuoni wengi wa madhhab ya Shafi wameona mswaki ni karaha baada ya jua kupinduka. Bali Imam Nawawi, naye ni wa madhhab hiyo hiyo, alichagua kuwa si karaha hata hapo. Basi asubuhi hakuna neno, na usiku hakuna neno. Baada ya tende za kufuturu yanywewe maji, na baada ya daku kinywa kisafishwe kabla ya alfajiri.

Enyi wazazi, jino liumalo humnyima mtoto usingizi na kumtoa darasani, na mzazi asiyekuwa na fedha ya kuliziba huishia kuling'oa. Kikombe cha maji baada ya kitu kitamu hakina gharama. Mtoto na afundishwe hilo siku ile ile afundishwapo udhu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zake. Amin.