Safari ya Hesabu kutoka Chama cha Msingi hadi Chama Kikuu

(Maelezo yaliyotolewa na mmoja wa wahasibu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu, makarani na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi.)



Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia katika kompyuta, lakini usia ule ungali palepale. Nimetumwa kueleza jinsi hesabu zinavyoweza kutoka katika kompyuta ya chama cha msingi na kuingia katika kompyuta ya Chama Kikuu kila siku, bila karani kuziandika upya kwa mkono.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Kilo za mkulima huandikwa mara ya kwanza penye mizani, zikaingizwa katika kanzidata ya chama cha msingi, yaani ghala la taarifa lililopangwa ndani ya kompyuta. Chama Kikuu nacho kina kanzidata yake ya malipo, iliyotengenezwa na mafundi wengine kwa mpango mwingine. Mitambo hii miwili haifahamiani. Kwa hiyo karani mmoja hutoa orodha, na karani wa pili huipokea na kuiandika upya. Mkono uliochoka huandika 68 mahali pa 86, na mkulima hupunjwa bila mtu yeyote kukusudia kumpunja.

Naomba niseme jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika chama kimoja nilichokitumikia zamani, karani alituma faili la ununuzi wa siku, mtandao ukakatika katikati ya kazi, naye akalituma tena. Mafaili yote mawili yalipokelewa. Ulipofika wakati wa kulinganisha vitabu na ghala, vitabu vilionyesha kilo nyingi kuliko zilizokuwamo ghalani. Kwa majuma mawili kijana yule alitazamwa kama mwizi. Aliyemwokoa ni mzee mmoja mwanachama, aliyeleta stakabadhi zake alizozitunza katika mfuko wa plastiki, akaonyesha kwamba vitabu vyetu vimemhesabia mzigo ambao hakuuleta. Mzee yule angeweza kunyamaza akapokea fedha za ziada, lakini hakufanya hivyo. Tangu siku hiyo naamini kwamba mpango mbaya wa kupeleka hesabu unaweza kuharibu jina la mtu mwema.

Basi, mpango mwema ukoje? Kazi yenyewe ina hatua tatu: kutoa, kusawazisha na kupakia. Programu hutoa taarifa mpya katika kanzidata ya kwanza, huzisawazisha zifuate taratibu za kanzidata ya pili, kisha huzipakia. Ili ifanyike bila kukumbushwa, hupangiwa saa. Katika kompyuta za jamii ya Unix na Linux iko programu iitwayo cron, iliyokuwako tangu miaka ya 1970, ambayo kazi yake ni kuamsha programu nyingine saa iliyowekwa. Hapa natoa onyo dogo. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukitaka kazi ifanyike saa 8 usiku kwa hesabu yetu, iandikie kompyuta saa 2. Ukiiandikia 8, itaanza saa 2 asubuhi, wakati foleni ya wakulima iko penye mizani.

Hatua ya kusawazisha ndiyo yenye mitego mingi, nami nitakaa hapo kidogo. Mtego wa kwanza ni sifuri ya mwanzo. Namba ya mwanachama 0147, au namba ya simu inayoanza na sifuri, ikipita katika programu ya majedwali huweza kuchukuliwa kuwa ni kiasi, na sifuri ikaondolewa. Namba za namna hiyo zihifadhiwe kama maandishi, kwa maana hakuna anayezijumlisha. Mtego wa pili ni tarehe. Maandishi 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini mtambo uliopangwa kwa desturi ya Marekani husoma tarehe 4 Machi. Heri kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mtego wa tatu ni majina. Juma Ali Salum na J. A. Salum wanaweza kuwa mtu mmoja au watu wawili. Kompyuta haina njia ya kujua. Kwa hiyo mkulima atambuliwe kwa namba yake, na kila ununuzi utambuliwe kwa namba ya chama pamoja na namba ya stakabadhi. Ukiwekwa utaratibu kwamba stakabadhi moja haiingii mara mbili, faili likitumwa hata mara tano matokeo yatakuwa yaleyale. Laiti tungelikuwa na utaratibu huo wakati ule, kijana wetu asingeaibika.

Kadhalika, mzigo wa siku ama uingie wote, ama usiingie hata kidogo. Kanzidata nzuri zina uwezo huo: umeme ukikatika katikati ya kazi, mtambo hurudi pale ulipoanzia, wala hauachi nusu ya wakulima ndani na nusu nje.

Ndugu zangu, asije mtu akadhani kwamba kazi ikifanywa na mtambo basi imefanywa sawasawa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, shirika la afya ya umma la England lilikuwa likipokea matokeo ya vipimo kutoka maabara na kuyaingiza katika mfumo wake kwa njia ya kujiendesha. Katikati ya njia yalipitia mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambayo hayachukui zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa. Wagonjwa 15,841 waliopimwa na kukutwa na ugonjwa hawakuingia katika hesabu za kila siku za kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokaribiana nao ilichelewa. Nchi tajiri yenye wataalamu wengi ilikosa kitu ambacho kila mtunza ghala anakijua, yaani kuhesabu magunia yanapotoka na kuyahesabu tena yanapofika.

Hivyo basi, kila mzigo wa taarifa usafiri na hati yake ya njia, yenye mambo matatu: idadi ya stakabadhi, jumla ya kilo, na jumla ya fedha. Upande wa kupokea uhesabu upya, nao uukatae mzigo usiolingana. Mzigo ukae kwanza katika jedwali la mapokezi, kama magunia yanavyokaa mlangoni kabla ya kupangwa ghalani. Na kila asubuhi mtambo umpelekee katibu ujumbe mfupi, hata kama hakuna kosa. Ukingojea ujumbe wa makosa peke yake, siku mtambo utakapokufa kabisa utaona kimya, nawe utadhani kimya hicho ni amani.

Nikija kwenye wajibu wetu, nasisitiza mambo manne. Kwanza, kosa lisahihishwe pale lilipozaliwa, katika kanzidata ya chama cha msingi, kisha marekebisho yasafiri. Ukisahihisha Chama Kikuu peke yake, usiku wa pili kosa laweza kurudi. Pili, programu ya kutoa taarifa ipewe ruhusa ya kusoma tu, wala isiwe na uwezo wa kubadili kitu. Tatu, tupeleke taarifa zinazohitajika kwa malipo tu, nazo zipite katika njia iliyofungwa kwa siri. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina na simu za wakulima wetu ni taarifa binafsi. Nne, tusiiache njia ya zamani kwa siku moja. Njia zote mbili ziende sambamba kwa muda wa msimu, na tofauti zichunguzwe moja moja.

Najua wako makarani wanaojiuliza kama mtambo huu umekuja kuwanyang'anya kazi. Jibu langu ni kwamba kazi ya kunakili itapungua, lakini kazi ya kukagua itaongezeka, na mkaguzi anayemjua mkulima kwa sura na shamba hawezi kununuliwa dukani. Ila bodi zisimwachie karani mzigo huu bila mafunzo, wala zisimlaumu kwa kosa la mtambo kabla ya kusoma kumbukumbu za safari ya usiku.

Mwisho, nawaomba makatibu mkawaambie wanachama waendelee kutunza stakabadhi zao za karatasi. Mzee yule wa mfuko wa plastiki alitufundisha kwamba mkaguzi wa kwanza wa ushirika ni mwenye mali.