Injini Ikikataa Kuwaka, Tupime Kabla ya Kununua

Leo tunazungumza juu ya mashini ya kusaga, ile ya dizeli inayowashwa kwa betri. Asubuhi imekataa kuwaka, watu wako foleni na mahindi yao, na mmoja anasema, "Tununue betri mpya!" Tungoje kwanza. Pesa ni za kikundi. Tutoe mkanda wa kinu, tugeuze ufunguo, tusikilize.

Kimya kabisa, taa haziwaki? Umeme haufiki. Tuangalie fyuzi na vichwa vya betri. Ule ukoga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Tufungue waya wa hasi (−) kwanza, halafu wa chanya (+). Tuoshe kwa maji ya magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa. Tukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho, na tukaze sawasawa.

Inalia ta-ta-ta na taa zinafifia? Waya umelegea au betri imeisha chaji. Betri ikiwa imepumzika, mita ikionyesha volti 12.6 imejaa, chini ya 12 imeisha. Ichajiwe, halafu ipimwe tena stata ikizunguka. Ikiwa imejaa chaji na bado inashuka chini ya 9.6, hiyo betri imechoka.

Inalia "ta" mara moja tu, na taa zina nguvu? Shida ni stata au waya zake. Hapo ni kazi ya fundi.

Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki? Betri haina makosa. Dizeli haiwaki kwa cheche, basi tutazame mafuta: tangi, chujio, hewa kwenye paipu.

Ikiwaka, tusisahau kupima tena injini ikinguruma. Volti 13.8 hadi 14.4, altaneta inachaji. Ikibaki 12, hata betri mpya mtakayonunua itaisha vilevile.

Tahadhari: betri hutoa gesi inayolipuka. Tusimulike kwa kibiriti wala kuvuta sigara karibu. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja.

Kila kikundi kichague watu wawili, wapewe mita na daftari, waandike wanachopima. Fundi akija, asomewe. Hatalipwa kwa kubahatisha.