Kunakili Picha za Vitabuni kwa Skana
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kericho)

 Kamati imetuomba sisi wa reli tueleze habari ya skana, maana picha za kitabu cha M. F. Hill, Permanent Way, cha mwaka 1949, zinatakiwa ukutani, na kitabu chenyewe ni cha kuazima. Uti wake umeanza kuachia. Kikifunguliwa kwa nguvu mara tatu kurasa zitatubaki mikononi, kwa hiyo yafaa tujue la kufanya kabla ya kukigusa.

Picha ya kitabuni siyo kama picha ya studio. Itazameni kwa kioo cha kukuzia: mtaona nukta tupu, zimepangwa kwa mistari kama michai shambani. Magazeti huwa na mistari kama 85 katika inchi moja, vitabu vizuri 133 au 150. Skana nayo husoma kwa nukta zake. Safu hizo mbili zikigongana hutokea mawimbi, kama vyandarua viwili vilivyolazwa pamoja. Watu husema mashine ni mbovu. Si mbovu, ni kipimo tu.

Basi twashauri nukta 600 kwa inchi, siyo 200 kwa kuharakisha kazi. Halafu kompyuta izilainishe nukta, ndipo picha ishushwe mpaka 300. Ramani na michoro ya kalamu isilainishwe, mistari itafifia. Picha ya inchi 5 ikisomwa kwa 600 ina nukta 3,000: kwa kitabu yatoka inchi 10 safi, kwa ukuta wa kutazamwa mbali yafika hata 30.

Nyuma ya ukurasa wekeni karatasi nyeusi, maandishi ya upande wa pili yasionekane. Kifuniko kisikandamizwe, afadhali kivuli kidogo katikati kuliko uti uliovunjika. Nakala ya kwanza ihifadhiwe kwa TIFF. JPEG ni ya kutumiana kwa simu, na kila ikihifadhiwa upya hupoteza kitu.

Kuna walioomba pia michoro ya Joy Adamson kwa kalenda ya kuuza. Hapo tusimame kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda mchoro miaka 50 baada ya kufa mchoraji, naye alikufa 1980. Basi ni mpaka mwaka 2030 uishe. Sisi tunaodai malipo ya jasho letu hatuwezi kuuza la mwingine bila ruhusa. Kamati iandike barua.

Kazi ya kitabu cha reli ni Jumamosi saa nane mchana. Wawili watashika kitabu, mmoja mashine. Njooni na mikono mikavu.