Bomba Bila Msukumo

Msikilizaji, kijana wa Dar es Salaam akikipenda kitu atakwambia ni bomba. Shati bomba, gari bomba, mtu bomba. Neno halijali ngeli. Halafu anarudi nyumbani, anafungua bomba lenyewe la uani, linakoroma.

Neno hili tumelipata kwa Wareno, ambao kwao bomba ni pampu, mashine ya kusukuma. Nasi tukalipa kazi tele. Mkulima wa nyanya anabeba bomba la dawa mgongoni, muuguzi anashika bomba la sindano, kiwanda kina bomba la moshi. Mafuta ya kwenda Zambia yanapita kwenye bomba la TAZAMA tangu mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola. Lile la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe joto njia nzima, maana mafuta ghafi ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda. Kwenye mafuta, hakuna anayelaza bomba akasahau vituo vya kusukuma.

Kwenye maji tunasahau. Msukumo ukiisha, bomba la mtaani linajaa hewa, na likiwa na ufa karibu na mtaro, linafyonza uchafu humo humo. Maji yakirudi yanatanguliza hewa: bomba linakohoa, linatema kutu, ndipo yanatoka maji ya rangi ya chai ambayo mama mwenye nyumba anayamwaga ndoo mbili kabla hajaanza kukinga. Na mita imeshazunguka! Watu wakilalamika kwamba wanalipia upepo tusiwacheke. Mita nyingi za kawaida huzungushwa na hewa pia.

Mwenye uwezo naye anafunga pampu yake moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, anajaza tangi la juu, majirani wanabaki wanasikiliza mluzi. Huo ni wizi, hata kama bili analipa.

Sasa njoo kwenye uzinduzi. Mgeni rasmi anafungua koki, maji yanaruka, mama mmoja anatwishwa ndoo, picha zinapigwa. Tunasomewa idadi ya mabomba yaliyojengwa. Idadi hiyo mimi hainisaidii. Nataka kujua maji yatatoka saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, na kama nyumba ya kilimani itayapata sawa na ya bondeni.

Mwishoni mwa 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu, Dar ilitangaziwa mgawo. Ulikuwa mgumu, lakini walau mamlaka ilisema waziwazi kwamba maji hayatoshi. Wakati wa kawaida, ambapo mitaa mingine inakaa siku kadhaa bila tone, nani anatangaza? Viongozi wa serikali za mitaa, ulizeni hilo kabla hamjaalikwa kwenye uzinduzi mwingine.